Muheza Siutoi

Nalala. Sikukusudia kulala, naapa kwa kitabu chochote mtakachonishikisha, nimeinamisha tu kichwa kwenye meza ya mama ili macho yapumzike, ni saa nane mchana, Jumamosi, na maombi ya kusoma sheria yanafungwa saa kumi. Vyeti vimeingia, picha imeingia, kimebaki kitu kimoja tu, ukurasa ambao chuo wanautaka: eleza kwa nini unataka kusoma sheria. Ukurasa wenyewe ninao. Nimepewa na Kaka Shemdoe wa stationari, ambaye anao mmoja kwenye kompyuta yake na humpa kila anayeomba chuo hapa Muheza, wewe unabadilisha jina na kozi, ukiomba uuguzi unafuta sheria unaweka uuguzi. Unaanza hivi: tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na ndoto ya kuwa sauti ya wasio na sauti. Asubuhi niliuona mzuri kweli. Sasa kila nikitaka kuutuma kidole kinagoma juu ya simu. Mama, unadhani watanichukua? nimemwuliza, na mama hakuinua macho kwenye taipureta yake, akasema, tusiandikie mate na wino ungalipo, tuma kwanza. Mama ni mpiga chapa, hukaa nje ya mahakama akiwachapia watu malalamiko yao, na Jumamosi huja na kazi nyumbani. Sauti ya mashine yake ndiyo iliyonilaza tangu uchanga wangu, ka ka ka, kengele, ka ka ka, kengele, na mimi mtu mzima wa miaka kumi na tisa nalala vilevile.

Kengele inalia na meza inakuwa barabara. Ni barabara nyeupe yenye mistari ya kulala kama karatasi ya mtihani, nami natembea juu ya mstari nimeshika bahasha ya vyeti, na kila nikifika mwisho wa mstari kengele inalia najikuta mwanzoni mwa mstari wa chini yake. Natembea hivyo mistari mingi mpaka namkuta mtu amesimama njiani. Amevaa joho jeusi, mikono ameificha ndani, na pale penye uso hapana kitu, pamelainika kama mgongo wa sahani. Siwezi kujua umri wake kwa hiyo naona heri nisikosee, shikamoo, nasema. Marahaba Tausi, anajibu, unakwenda wapi? Nakwenda kusoma sheria. Basi uko njiani, anasema, kitendawili! Na mimi, kwa mazoea tu, nasema tega. Nyumba yangu haina mlango. Yai, najibu, nacheka, maana nilitegemea maswali ya chuo kikuu si ya chekechea. Kitendawili. Tega. Kila anayeingia anaapa, mwenyewe hajaapa hata siku moja. Nafikiri. Nafikiri mpaka mstari unaisha na mwingine unaanza. Umeshindwa, anasema, nipe mji.

Mchezo huo naujua, nani asiyeujua, ukishindwa kitendawili unampa mwenzako mji, naye anajifanya kautembelea, anajisifu kidogo, kisha anakwambia jibu. Tulikuwa tukigawa miji kama karanga, hakuna aliyeuona mji ukienda popote. Nakupa Tabora, nasema kwa ukarimu wa mtu anayetoa asicho nacho. Anainama kama mgeni. Nimefika Tabora, anasema, wamenipokea kwa asali, wamenitandikia, nimelala, nimeamka, nao sasa ni wangu. Jibu ni kizimba cha mahakamani. Kisha kando ya barabara naona kibao cha majina ya miji, na palipoandikwa Tabora panafutika taratibu, herufi moja moja, na reli iliyokuwa ikienda huko inajikunja kama utepe wa taipureta. Hapo kicheko kinanikauka. Samahani, nasema, mimi nilidhani ni mchezo. Ni mchezo, anasema, twende.

Twende wapi, hasemi, ananitangulia nami namfuata, tunaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo. Katika kila kioo nimo, lakini mmoja ana kilemba, mwingine ana ndevu, mwingine ni Shangwe niliyesoma naye kidato cha sita, na wote tumeshika bahasha ya vyeti, na wote tunafungua kinywa kwa pamoja: tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na ndoto ya kuwa sauti ya wasio na sauti. Mji mzima unatetema. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, nasema, lakini sauti yangu ndogo. Watu mia, mdomo mmoja. Najua jibu, aibu yangu ndiyo haitaki kulitamka, naangalia viatu vyangu. Nipe mji. Nakupa Morogoro. Anaitwaa na milima yake yote, hata hasemi walimpikia nini. Jibu ni huo ukurasa ulio kwenye bahasha yako, anasema, na kwenye kibao Morogoro haipo. Nautazama ukurasa, nao umekuwa kioo, na mimi ndani yake siko. Nauchana. Kuta zote zinanyamaza.

Tumerudi barabarani, au barabara imeturudia. Kwenye kibao limebaki jina moja. Sikiliza vizuri Tausi, anasema, na sasa sauti yake haina mzaha, hiki ndicho cha mwisho, ukishindwa utanipa Muheza, na ukinipa Muheza huna pa kuamkia. Muheza kuna machungwa, kuna gulio, kuna Kaka Shemdoe na ukurasa wake, Mungu amsamehe, lakini zaidi kuna meza moja nje ya mahakama na mtu aliyekaa nyuma yake. Kitendawili, anasema. Tega. Maneno yake yanaingia kila siku, mwenyewe yuko nje. Muheza siutoi, nasema kabla hajamaliza. Sijakuomba bado, anasema. Hata ukiomba siutoi! Ni mama! Ni mama yangu! Basi eleza, anasema, na anakaa chini kwenye mstari kama mtu mwenye siku nzima.

Naeleza. Nasema, watu wanamjia mama wamevurugwa, mtu ana ugomvi wa mpaka wa shamba lakini anaanzia kwenye harusi ya babu yake, na mama anasikiliza yote mpaka aipate sentensi moja ambayo ndiyo shauri lenyewe. Anaichapa. Anamsomea mwenyewe, anamwuliza, ndivyo ulivyosema? Hapo ndipo watu hulia, si mwanzoni. Kisha karatasi inaingia ndani, mama anabaki nje, na hukumu anaisoma kwenye nyuso zao wakitoka. Siku moja alitoka Mama Kibibi uso umemwanguka. Akasema, Mama Tausi, niliposimamishwa nilikosa kauli, maneno yako yote yako pale mezani na hakuna aliyeyasema. Mama alibadilisha utepe wa mashine ambao haukuwa umekwisha. Mimi nilikuwa darasa la tano, nimekaa chini ya meza nakula chungwa, na nilitaka sana kuingia mle ndani. Nataka kusoma sheria ili maneno ya mama yakiingia, yakute mtu wa kuyasema. Basi, nasema, sina jingine. Asiye na uso anatoa mikono kwenye joho. Ncha za vidole ni nyeusi kwa wino. Ananiuliza, ndivyo ulivyosema? na kengele inalia.

Ni mama, anavuta karatasi kutoka kwenye mashine. Saa ya ukutani inasema tisa na nusu. Shavu langu limeshikana na meza. Ulikuwa unaongea usingizini, anasema, na mimi mtu akiongea mbele ya mashine nachapa, ndiyo kazi. Anavaa miwani, anasoma kwa ile sauti yake ya kazini isiyoegemea upande wowote, harusi ya babu, mpaka wa shamba, Mama Kibibi, anafika kwenye utepe ambao haukuwa umekwisha, anakohoa, anaendelea, anafika mwisho na sauti ya kazini inamponyoka. Anajifuta pua kwa mkono wenye wino. Nampenda mpaka naogopa kusogea, asije akafutika. Naunyoosha mkono nagusa uso wake, pua ipo, mashavu yapo, yamelowa. Mama, nasema, Tabora bado ipo? Ananitazama juu ya miwani. Tabora ndiyo nini? anauliza, na sijui kama ananitania, maana mama hutania bila kucheka. Halafu anaigeuza karatasi kuelekea kwangu, anaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, ananiuliza kama anavyowauliza wote, ndivyo ulivyosema? Ndivyo nilivyosema, namjibu, naipiga karatasi picha kwa simu, na natuma.