Bangili Nyeusi ya Iguala

Mimi sina subira, na watu wa sokoni wanalijua hilo. Nikifika kwenye meza ya muuzaji nachukua bangili, naifunga, naisogeza sikioni, nasikiliza. Isipolia ninavyotaka naiweka chini na kwenda meza ya pili. Hapa Taxco, mji wetu wa mafundi fedha huku Mexico, Jumamosi asubuhi barabara inakuwa fedha tupu, meza kwa meza, na wageni wanashangaa majani na ndege waliochongwa. Mimi sina habari na ndege. Mimi nasikiliza kifungo.

Nina sababu. Mama yangu, Amparo, alifanya kazi kwenye karakana ya fedha iliyokuwa kule juu, ile iliyokuwa ikigonga muhuri wa kichwa cha kulungu. Mwaka sitini na nne alipanda basi la kwenda kaskazini, avuke mpaka wa Marekani, achume nyanya mwaka mmoja, arudi. Nilikuwa na miaka mitano. Barua zilikuja miaka miwili, kisha kimya. Hatujui kama alikufa au alituchoka, na sijui ningependa lipi kati ya hayo mawili. Ninachokumbuka ni bangili aliyokuwa akiivaa. Alikuwa akiifunga karibu na sikio langu ili nicheke, kwa sababu ilikuwa inalia mara mbili. Tik, halafu tik nyingine ndogo. Bangili za watu wengine zinalia mara moja, basi.

Aliondoka nayo mkononi. Kwa hiyo tangu nilipoanza kushika pesa yangu mwenyewe, nakusanya bangili kuukuu zenye muhuri wa kulungu, zile zinazolia mara mbili. Muhuri ni wa mwenye karakana, jina la fundi huwezi kulikuta popote. Lakini mkono wa mama yangu nimeujua kwa sikio. Kwa miaka arobaini nimepata thelathini na moja. Wapo wanaosema nina kichaa. Na waseme.

Aliyenilea ni mama mkubwa Domitila, dada yake mama. Ana miaka themanini na minne na goti moja halikunjiki, lakini Jumamosi hakubali kubaki nyumbani. Anakalia kiti cha Fidencio, muuzaji wa vitu vya zamani, anatafuna wadudu wake wa kukaanga na chumvi, anagombana na kila anayepita. Yeye naye alifanya kazi karakana hiyohiyo. Ukimuuliza habari za kule anakujibu, "Kazi ni kazi," kisha anaomba ndimu.

Jumamosi hiyo Fidencio alinipungia mkono toka mbali.

"Dada Zenaida! Njoo, leo nimekuletea mkaa."

Akanipa bangili nyeusi tii, majani kumi yaliyoungana, hata mishipa ya majani haionekani.

"Hii umeiokota chini ya chungu?"

"Imetoka mji wa Iguala. Kuna bibi amefariki, wajukuu wameikuta kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwa gazeti la mwaka sitini na mbili. Maskini hakuwahi kuivaa. Nilitaka kuipitisha kwenye mashine ya kung'arisha, mashine ikagoma."

"Mashine yako ina akili kukuzidi."

"Bi Domitila, unamsikia? Mwambie mwanao aniheshimu."

"Mimi mwenyewe nimeshindwa naye tangu ana miaka mitano," akasema mama mkubwa, mdomo umejaa.

Nikaigeuza. Kulungu alikuwepo, gizani huko. Nikaifunga, nikaisogeza sikioni. Tik. Tik. Nikatabasamu kama ninavyotabasamu siku zote, hata nikijizuia haisaidii. Sikuomba apunguze bei, mpaka Fidencio akaingiwa na wasiwasi kwamba ameuza rahisi.

Nyumbani sikusubiri hata kuvua mtandio. Nikatoa unga wa kusugulia, brashi na kitambaa. Sisi watu wa Taxco hatuwezi kuvumilia fedha nyeusi. Ni kama kumwona mtoto ana kamasi, mkono unakwenda wenyewe.

"Usiisugue," akasema mama mkubwa.

"Kwani vipi?"

"Nimesema weka brashi chini."

"Ebo! Thelathini na moja nimezisugua hapahapa mezani, unaniangalia. Leo kuna nini?"

Akanyang'anya kopo la unga. Likamponyoka, unga ukamwagika mpaka sakafuni.

"Zile zililetwa zimeshapitishwa kwenye mashine, hakuna cha kuokoa. Hii haijaguswa. Ukiisugua huenda unamfuta mama yako."

"Mama alikuwa anatengeneza vifungo, mama mkubwa. Sitasugua kifungo."

"Nani alikwambia anatengeneza vifungo?"

Kweli, nani aliniambia? Niliisikia kwenye mkono wake ile milio, mengine nikayamalizia mwenyewe.

"Amparo hakuwahi kushika tupa maisha yake yote," akasema. "Yeye alikuwa mng'arishaji. Anachukua kijiti cha chuma kisicho na makali, anaikandamiza fedha mstari kwa mstari mpaka itoe mwanga. Ule mwanga unakaa chini ya weusi hata miaka mia. Unga wa kusugulia ndio unaoukwangua. Vifungo vilikuwa vyangu. Nilikuwa nachonga pengo la pili kwenye ulimi wa kifungo, ndiyo maana vinalia mara mbili, ili bangili isimdondoke mtu la kwanza likilegea."

Nikapandwa na hasira, hasira ya kweli ya kutaka kuvunja vyombo.

"Miaka arobaini! Unakaa pale unatafuna wadudu, mimi nahangaika meza hadi meza, na wewe unajua! Unanicheka?"

"Sikukucheka."

"Ulikuwa unafanya nini, basi?"

Akavuta kiti, akakaa taratibu kwa ajili ya lile goti.

"Ulikuwa na miaka kumi na minane uliporudi na ile ya kwanza. Ukaifunga, ukasikiliza, ukatabasamu. Zenaida, mimi nimekufulia, nimekuuguza surua, nimekusomesha kwa vifungo hivyohivyo. Hukuwahi kunitabasamia hivyo, hata siku moja. Nikajisemea, hajui kama ni mimi, lakini ni mimi. Jumamosi zote hizo nimekuwa nakuja kuliona hilo tabasamu. Leo ningenyamaza ningebaki nalo. Lakini Amparo ni mdogo wangu. Nimeshindwa kukutazama ukimkwangua."

Nilitoka nikaenda uani. Nililia, na sikulia kwa adabu. Nililia kwa sababu ya zile thelathini na moja ambazo huenda zilipita mikononi mwa mama nami nikazipiga brashi kila mwaka kabla ya Krismasi, nikidhani namtunza. Nilimtaka mama yangu vibaya kuliko nilivyomtaka nikiwa mtoto. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, nimeegemea karo la kufulia, nasema mama, mama, kama mbuzi.

Niliporudi, mama mkubwa alikuwa ameshachemsha maji. Akatandika karatasi ya foili kwenye bakuli, akanyunyiza magadi, akamimina maji ya moto, akaniambia nitumbukize bangili na nisiiguse. Maji yakatoa harufu ya mayai viza. Weusi ukaanza kuondoka wenyewe, jani moja, jani la pili.

Tukaikausha kwa pamba. Akanipa kioo cha kukuzia akanipeleka dirishani.

"Tazama jani la katikati. Unaona mistari?"

Niliiona. Myembamba sana, imelala pamoja kama nywele zilizochanwa.

"Imeelekea wapi?"

"Kushoto."

"Wang'arishaji tulikuwa nao wanne. Watatu walitumia mkono wa kulia. Mama yako alikuwa wa kushoto."

Sikujua. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia, na kwenye picha yake pekee niliyonayo anaonekana uso tu. Nilisimama pale nikimwona kwa mara ya kwanza akifanya kitu: anavuta kiti, anashika chuma kwa mkono wa kushoto, anainamisha kichwa upande ule. Nilipitisha kidole juu ya jani bila kulikandamiza. Nilikaa hapo dirishani mpaka shingo ikauma, na bado nilimtaka.

Mama mkubwa alikuwa anafuta unga sakafuni kwa mguu ule mzima.

"Basi umempata," akasema, hanitazami. "Vifungo vyangu sasa vya nini? Fidencio atapata kiti chake."

Ningemtazama ningelia tena, kwa hiyo nilizungumza nikiwa nimegeukia dirisha.

"Jumamosi saa moja asubuhi uwe umeshavaa viatu. Nikikukuta peku, nakubeba hivyohivyo."