Vitenzi Vinne vya Mzee Kipriani

Bruda Gerhadi alikaa na hasira yake siku nne nzima, na hasira ya Mjerumani ikilala haipoi, inaiva. Siku ya tano asubuhi aliingia ofisini mwa karakana ya misheni, kule Ruangwa, akafungua daftari, akamwita Mzee Kipriani, mkalimani wake.

Kipriani alijua linalokuja. Wiki ile walikuwa wamemzika Mzee Awadhi kule Narung'ombe, baba yake Halfani seremala. Maiti ilipofika kaburini, Teofili, seremala mwenzake Halfani, aliruka akajilaza chali shimoni. "Mmenichimbia kitanda kizuri!" akasema kutoka chini. "Sitoki mpaka nipate jogoo. Huyo mzee wenu mtafutieni pengine!" Watu wakacheka na machozi yao mashavuni, na Halfani mwenye msiba akacheka kuliko wote. Jogoo akaletwa, Teofili akatoka akijipangusa vumbi, mzee akazikwa kwa heshima zake. Teofili ni Mngoni wa Songea, aliyefuata kazi ya karanga Nachingwea, na ilipokufa akabaki. Halfani ni Mmwera. Babu zao walipigana vita, wajukuu wakarithi utani. Mtani asipokuja kuuvuruga msiba, watu huulizana wamemkosea nini.

Lakini nani alimweleza Bruda, aliyesimama pale kaburini, habari za utani? Ana miezi minne tu tangu ashuke meli, na kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia.

Sasa Bruda alitaka jambo moja, Teofili afukuzwe. Na akifukuzwa kazi, nyumba ya misheni nayo anaiacha, ilhali Valentina mkewe ana mimba ya miezi minane. Bruda alisema kwa Kijerumani kwamba taarifa yake inataka neno sahihi: Teofili anamfanya nini hasa mwenzake? Akaandika maneno manne, moja chini ya jingine: necken, hänseln, schikanieren, quälen.

Kipriani akayatazama. Hakuyajua kutoka kitabuni. Necken ni masista wa zamani walivyomchokoza kwa ulafi wake wa mkate. Naye aliwajibu, wakacheka wote. Hänseln ni wenzake kumwimbia kila siku wimbo wa sikio lake lililokatika. Wao walicheka, yeye hakucheka. Schikanieren ni sajini mmoja Mjerumani wa vita vya kwanza, aliyemtuma apake chokaa mawe ya kambi, ayaoshe, ayapake tena, kwa sababu tu yeye ni sajini. La nne, kutesa, hakutaka kulikumbuka. Mgongo wake ulilikumbuka wenyewe.

"La kwanza, Bruda," akasema. "Huu ni utani."

Bruda hakuamini. Mtu alale katika kaburi la baba wa mwenzake! Akaagiza wote wawili waitwe, Halfani aseme kwa kinywa chake.

Halfani akaingia, akamkuta Teofili amesimama pembeni, kofia mkononi. Hapo shetani wa utani akampanda. Jogoo aliyetozwa kaburini alikuwa bado hajalipiziwa, na nafasi kama hii haipatikani mara mbili. Akauvuta mdomo, akalegeza mabega. "Ananitesa, Bruda. Sili, silali. Wangoni ndivyo walivyo. Mrudisheni kwao akale nyasi!"

Teofili aliuma kofia asicheke. Amepatikana, na kwa ustadi! Ila Bruda alikuwa tayari anakijua Kiswahili cha kutosha kuelewa "ananitesa". Akapigia mstari neno la nne, akasema Teofili aondoke leo hii.

Kicheko kikawakauka. "Mzee Kipriani, mwambie natania!" Halfani akalia kwa hofu kweli. "Jamani, mwambie!"

Kipriani akaeleza kwa Kijerumani kwamba necken hurudishwa, na Bruda ameona Halfani akirudisha sasa hivi. Schikanieren hairudishwi, kwa kuwa anayeifanya ndiye mwenye funguo. Bruda hakuinua hata kichwa. Alijibu kwamba akishaandika ameandika, na katika karakana hii hana haja ya kumweleza mtu sababu.

Basi Kipriani akainama, akaweka kidole juu ya neno la tatu, schikanieren.

"Hili nalo limepata mtu wake," akasema kwa Kijerumani safi. "Na si Teofili."

Shingo ya Bruda ikawa nyekundu hadi masikioni. Kisha akauchana ukurasa, akaukunja mdogo mdogo, akawaambia waende kazini.

Nje, Kipriani akakaa juu ya mbao. Miaka arobaini Kijerumani kilikuwa kikimshukia kutoka juu. Leo yeye ndiye aliyekipandisha.

"Mzee, umemwambia nini yule?" Teofili akauliza.

"Nimemtania," akasema Kipriani.