Mguu wa Mama Angèle

Film haijaanza na mimi nimeshavua viatu, nimevisukuma chini ya kiti. Jasho linanitoka! Ukumbi wa Dilala, hapa Kolwezi, ulijaa mchana ule mpaka mlangoni: wachimbaji waliotoka mgodi wa Mashamba na vumbi lao, waendesha pikipiki za taxi-moto, mama za soko. Wote wamekuja kutazama wazee watatu wanaopiga muziki wa metal tangu 1983, hawajaacha hata mwaka mmoja.

Mimi ndiye Kankolongo, mpiga ngoma wa bendi yetu, Nyundo. Kabasele anaimba na kukwaruza gitaa, Mama Angèle anapiga besi. Tulikutana kwenye atelier, karakana ya mgodi, na matoazi yangu ya kwanza niliyakata mwenyewe kwenye bati la shaba. Yalilia vibaya, lakini yalilia!

Siri yangu ilikuwa hii: nilikuwa kiziwi. Baruti mchana, ngoma jioni, masikio yakanikimbia kidogo kidogo, na kufika 2012 yakawa yamekwisha. Nikajifunza kusoma midomo. Jukwaani nilivua viatu kwa kificho nyuma ya ngoma kubwa, nikaacha mbao ziniambie besi imefika wapi. Kila wimbo Mama Angèle aliuanza kwa kukanyaga mbao mara nne, madoido yake, na kila mara nilimtania kwamba anaua mende. Nilijua wenzangu wakigundua watanipumzisha kwa heshima zote, na mimi bila Nyundo ni nani? Mzee wa kuota jua tu.

Ndiyo maana Rachida, binti wa Djafari mwenye malori, alipokuja na kamera yake kututengenezea film, nilianza kuikwepa. Siku moja ya mazoezi nilitazama chini nikakuta kamera imelazwa sakafuni, inakodolea nyayo zangu.

“Rachida, miguu ya muzee unaitafutia nini?”

Alicheka. “Iko muzuri, tata.”

Basi nikaketi pale ukumbini, nikingoja kuumbuka mbele ya Kolwezi nzima.

Taa zikazimwa. Maji ya bwawa la Nzilo yakafumuka ukutani, halafu sisi, makunyanzi na yote, tunatikisa vichwa. Watu wakaruka kutoka vitini! Sakafu ikanitetemeka nyayoni, nami nikasahau hofu, nikapiga makofi kama mtoto. Kumbe ndio sisi wale!

Kisha ikaja sura ya Kabasele peke yake, na chini yake maandishi meupe ya Kifaransa. Niliyasoma moyoni kwa Kiswahili chake, kwa sauti yake, ile ninayoikumbuka.

“Kankolongo hasikie kitu, tunajua tangu zamani. Siku moja courant ya umeme ilikatika, gitaa zote zikanyamaza. Ngoma haiombe courant, lakini yeye akapotea hapo hapo. Njo vile tukajua.”

Nilitaka kuyasoma tena, yakafutika. Sasa akaja Mama Angèle.

“Nikalalisha ampli yangu ya besi juu ya mbao zake, asikie na miguu. Na kila wimbo nakanyaga mara ine, na nguvu, apate kuingia. Yeye ananicheka, eti naua mende. Acha acheke! Tukimuambia, ataacha. Na yeye akiacha, shiye wawili tutabakia nini?”

Miaka kumi na miwili niliwaficha, na miaka ile ile wao walinificha. Nilicheka, nikalia, siwezi kusema kipi kilitangulia. Kando yangu Kabasele alikuwa amekaza macho mbele kama mwizi aliyeitwa jina. Niliweka mkono juu ya goti lake, ukatulia hapo mpaka film ikaisha.

Rachida akatupungia mkono tupande kupiga. Nilichukua viatu mkononi, nikapita pekupeku katikati ya watu wote, nikavipanga ukingoni mwa jukwaa, hapo kila mtu anapoviona. Mama Angèle alitazama miguu yangu, halafu mimi. Midomo ilimcheza.

“Mende beko bengi leo, mama,” nilimwambia.

Akainua mguu.