Ramani Kubwa ya Baba

Kitinda, binti wa mwisho wa mpima ardhi mstaafu, alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, lakini jina la utotoni lilimganda. Siku hiyo aliifungua seva ya nyumbani iliyokaa chini ya ngazi miaka nenda miaka rudi, akapuliza vumbi, akapiga chafya, akacheka. Humo ndimo zilimohifadhiwa ramani zote za baba yake. Watu bado walimfuata mzee awaamulie mipaka, ila siku hizi aliwarudisha. Ukimuuliza, atakwambia seva imechoka, ramani hazifunguki, na yeye anaachana na kazi.

“Baba simwachi astaafu mara ya pili kwa sababu ya chuma,” Kitinda alimwambia mama yake.

“Chuma chenyewe ni rika la ndoa ya dada yako,” mama akasema. “Ukikiua, mipaka ya watu utaipima kwa hatua.”

Binti hakubabaika. Alifungua feni, akaing’oa prosesa ya zamani, akafuta dawa ya kupitishia joto iliyokwisha kukauka, akaikalisha prosesa mpya bila kuilazimisha. Kadi ya mtandao nayo akaibadilisha, akaweka ya kasi zaidi. Akawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, lakini kwenye kompyuta ya baba, ghorofani, seva haikuonekana kabisa.

“Si nilisema?” baba akauliza kutoka juu, na ajabu ni kwamba sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata nafuu.

Kitinda akaichomekea seva skrini. Kumbe mipangilio ilikuwa bado inaitafuta kadi ya zamani, nayo imelala mezani. Akaielekeza kwenye kadi mpya. Mwingine angerudisha vitu vya zamani na kuomba radhi. Yeye alijua alichokuwa akikifanya, na alijijua kwamba anajua.

Akapanda juu, akafungua ramani kubwa kuliko zote. Ilijaa skrini kabla hajaondoa kidole: kila kiwanja, kila jiwe la mpaka. Mcheza kwao hutunzwa, naye akasimama kuingoja tuzo yake.

Baba akasogeza kiti, akakaza macho.

“Bado haijafunguka,” akasema.

Kitinda aliitazama ramani, kisha akamtazama baba yake. Majivuno yote yakamwisha. Alimwonea huruma, na akajikasirikia pia.

“Imeshafunguka, baba.”

Mzee akafikicha macho.

“Tangu lini?” binti akauliza.

“Tangu seva ilipoanza kuchelewa.”

Kitinda akavuta kiti, akaketi ubavuni pake.

“Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho, na hilo halina mjadala,” akasema. “Leo we niambie unatafuta wapi, nikusomee.”

Baba akashusha pumzi, akataja kiwanja cha kona, cha wale ndugu wawili wasiosalimiana.