Bibi Kwenye Sura za Vita

Saa nane mchana kibanda cha kinyozi kinapoa. Mashine imelala juu ya taulo, nywele zimefagiliwa nyuma ya mlango, na bibi yake kinyozi amekaa kiti cha tatu, kile ambacho hakipandi wala hakishuki, kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki naye. Ana miaka themanini na tisa. Kichwa chake siku hizi ni chujio: chai ya asubuhi inapita, majina ya wajukuu yanapita, hata vita vyenyewe vilishapita vyote. Ili asisinzie akadondoka, kinyozi alianza kumsomea riwaya moja nene aliyoisahau mteja.

Na riwaya ilikuwa moto, jamani. Sura moja ya leo, sura moja ya vita, zimesukwa kama nywele zilizopita kwa msusi mwenye mkono, huoni pa kuungia. Kwenye sura za leo, dada mmoja karithi nyumba ya mama yake mkubwa, kakuta barua zimeshonewa ndani ya godoro. Kwenye sura za vita, mama mkubwa huyohuyo ni nesi, anawaandikia majeruhi barua za nyumbani, na kaka yake mjini kote anaitwa msaliti. Kila ukidhani siri umeishika mkia, mwandishi anakuvusha miaka sitini, anakuacha mdomo wazi. Watu walikuwa wanamaliza kunyolewa na hawaondoki.

Sura ya pili, ile ya kwanza ya vita, bibi akawa na miaka kumi na saba.

Kinyozi aliona kwenye nywele kwanza, ndiyo kazi yake. Weusi ulianzia kwenye mizizi ukapanda, kisogo kikajaa, shingo ikanyooka. Sura ya tatu ilipoanza, mvi zikarudi mahali pake.

"Kumbe umri wake unafuata kitabu," alisema mteja mwenye povu shavuni. "Endelea basi, nesi kafika wapi?"

Kidogo palikuwa na usumbufu wa salamu. Kinyozi ana miaka thelathini na nne, na kila sura ya vita ilimbidi akiamkie upya kisichana kilichokaa kinatikisa miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umezeeka, mume wangu. Kitambi hicho umekitoa wapi?"

Wateja walicheka mpaka povu likakauka.

Kwenye sura ya sita ndipo alipomkatiza. Nesi alikuwa anamtetea kaka yake mbele ya wakubwa, na bibi, nywele nyeusi tii, akasema hata yeye ana kaka. Mashine ikazimwa.

Kaka huyo wanamjua wote. Kwenye korido ya ofisi ya mji kuna ubao umeandikwa WALIOTOROKA VITANI, na jina lake ni la tatu. Mama yake kinyozi, alipokuwa hai, akienda kuchukua cheti pale alikuwa anafungua mwavuli humohumo ndani ili asiuone.

"Hakutoroka," alisema bibi. "Nilikuwa mtoni nafua. Ofisa wake alimtuma ng'ambo na barua, peke yake. Kaka akiwa katikati ya daraja, huyohuyo ofisa akaagiza lilipuliwe. Kakosea saa. Akaandika kwamba ametoroka, basi, yakaisha. Halafu ofisa akaja nyumbani. Baba akapewa ukarani, akatuambia mdomo ni nyumba ya ulimi, ufungwe."

Sura ya saba akaulizwa habari za daraja. Akajibu hajui, ila angependa maji ya kunywa.

Ofisi ya mji ina utaratibu wake. Jina linafutwa ubaoni akitokea aliyeona kwa macho yake, akasema kwa kinywa chake mbele ya karani, kitambulisho mkononi. Hadithi ya kusimuliwa haikubaliki. Kinyozi alijaribu kurudia sura ya sita. Bibi alibaki na mvi zake, akamwambia aache kurudiarudia kama kasuku. Sura iliyosomwa ilikuwa imeshatumika. Na wakati anajaribu, wateja walishamharakisha karibu kitabu kizima, na yeye mwenyewe alikuwa hajui kujizuia. Ilibaki sura moja tu ya vita, ya thelathini na nane.

Asubuhi moja akafunga kibanda, akaenda na bibi, akaanza kuisoma kwenye foleni. Foleni ikanyamaza. Waliofika mbele wakawa wanarudi nyuma kusikiliza. Walipofika dirishani, zilibaki kurasa mbili, na bibi alikuwa na miaka kumi na saba kamili.

Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akatazama kitambulisho, akamtazama msichana.

"Hapa pameandikwa themanini na tisa."

"Ndiyo, mama. Ni sura hii. Ya vita."

"Naelewa. Lakini umri ulingane na kitambulisho."

"Ukilingana hatakumbuka."

"Hapo sasa," alisema karani, na kweli alionekana kusikitika.

Kinyozi akafunika ukurasa kwa kiganja, sura isiishe. Bibi hakungoja ruhusa. Akasimama wima, akasema yote: mto, barua, daraja, ofisa, mpaka baba yake mzazi hakumficha. Alisema vizuri kuliko hata nesi wa kwenye kitabu. Mzee mmoja kwenye foleni alivua kofia. Karani alisikiliza mpaka mwisho akajifuta macho, kalamu yake ikiwa na kifuniko.

"Nimesikia, mwanangu. Ila aliyesema hana kitambulisho."

Wakakaa hivyo, kiganja juu ya ukurasa. Kinyozi alikuwa tayari kukaa mwezi.

"Ondoa mkono," alisema bibi. "Yangu nimeshasema. Soma, nataka kujua ya nesi."

"Nikisoma unaondoka, bibi."

"Niliondoka siku nyingi. Soma, mume wangu, watu wanasubiri."

Akasoma. Zilikuwa kurasa mbili nzuri kuliko zote, hata mlinzi alisogea. Neno la mwisho lilipotoka, mvi zilikuwa zimeshashuka mpaka kwenye nyusi.

"Sasa umri umelingana," alisema karani kwa upole, akafungua kalamu. "Bibi, uliona nini pale darajani?"

"Daraja gani, mwanangu?"

Karani akaandika: *Shahidi hana la kusema*. Akapiga muhuri. Akauliza kama kitabu kinaazimwa.

Sura ya mwisho, ya leo, kinyozi aliisomea kwenye benchi nje ya ofisi, bibi kamwegemea bega. Yule dada akapeleka barua za godoroni kunakohusika, na jina la kaka wa nesi likasafishwa mbele ya mji mzima, bendi ikipiga. Bibi akapiga makofi mawili, matatu.

"Wamemtendea haki," alisema. "Huyo aliyeandika ana mkono, we acha tu."

"Ana mkono, bibi."

"Na huyo kaka wa watu, masikini. Bahati yake, alikuwa na dada."

Kibandani wateja wawili walikuwa wanangoja mlangoni.

"Vipi, jina limesafishwa?"

"La kwenye kitabu," alisema kinyozi. Akamkalisha bibi kiti cha tatu, akakung'uta taulo. "Nani alitangulia?"