Kichwa cha Treni Kilichooshwa kwa Sabuni

Tangu siku ya kwanza baba mkwe hakumpenda mke wa mwanawe, wala hakujisumbua kuficha. Mzee alikuwa dereva wa treni mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Mkwewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Fundi, alikuwa akitengeneza meno bandia, na mzee alipenda kuwaambia wageni kwamba mke wa mwanawe anaishi kwa kuuza uongo. Aliyasema hayo kwa meno aliyotengenezewa na Fundi huyohuyo.

Mzee alipokaribia kutimiza miaka sabini, mume wa Fundi alinunua boksi la vipande vya plastiki. Ukiviunga vyote unapata kichwa cha treni cha aina ileile aliyoendesha baba yake miaka ishirini na sita, ila hiki ni cha kupakata. Akaunga magurudumu mawili, gundi ikamgandia vidoleni, akamwachia mkewe.

Fundi alikipenda, akaunga vipande vyote vilivyobaki. Kazini alishajua kuwa jino la rangi moja hujulikana ni la bandia hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Na kichwa cha treni ni vivyo hivyo: kwa udogo wake, taa ya sebuleni haikipi kivuli cha kutosha, kivuli lazima ukipake mwenyewe. Alipuliza rangi nyeusi kwanza, juu yake kijani, akiacha giza chini ya paa na nyuma ya ngazi. Kisha akazimua rangi ya kahawia hadi ikawa nyepesi kama chai, akaipitisha kwa brashi kwenye kila mfereji na kila msumari wa ribiti. Ikishaanza kukauka, huwa inafutwa kwa pamba ili ibaki kwenye mashimo tu. Kabla hajafuta, simu ikaita, akahitajika kazini. Akakiacha mezani, kimejaa madoa mwili mzima.

Aliporudi alasiri alimkuta baba mkwe, aliyekuja kuwatembelea, yuko jikoni, amekunja mikono ya shati, kichwa cha treni kimo kwenye sinki lenye povu, na mkononi ana brashi ya kusugulia sufuria.

"Nimekiosha," alisema mzee. "Mimi sikuwahi kutoka stesheni na kichwa kichafu."

Rangi ilikuwa imebanduka hadi plastiki ya kijivu ikaonekana. Vishikio vyote viwili vya mlangoni havikuwepo. Fundi aliuliza viko wapi, mzee akajibu kwamba alikikuta hivyohivyo. Mumewe alipoingia, mzee alirudia maneno yaleyale na kuongeza kuwa mwanamke huyu ana mkono mzito. Mume aliangalia sakafu, akasema baba ni mtu mzima, yaishe.

Fundi alikikausha kwa taulo. Alichukua kijani kimoja cha kung'aa, akapaka juu hadi chini, bila giza popote. Kazi ya saa moja. Siku ya sherehe mzee alikiinua mbele ya wageni, akaridhika kabisa. Kikapita mkono kwa mkono hadi kwa msaidizi wake wa zamani wa kwenye reli, ambaye alikigeuza mara mbili na kuuliza kwa upole hiki ni cha mjukuu yupi. Watu wakacheka. Mzee akakichukua, akakiweka chini ya kiti chake.

Wiki iliyofuata alikuja nyumbani kwao, akakitua mezani bila hata salamu.

"Weka vivuli. Kama mara ya kwanza."

Fundi aliendelea kukunja nguo. "Nitaweka, baba. Ila mwambie kwanza mwanao vile vishikio alivunja nani."

Mwanawe alikuwa palepale kwenye kochi. Mzee akamtazama, akamtazama na Fundi, akabeba kichwa chake cha treni na kuondoka.

Kazi ile akaifanya mwenyewe, kwa dawa ya viatu. Siku ndugu walipokutana kwake, kilikuwa juu ya kabati, kimepakwa weusi kila mahali, alama ya dole gumba ikionekana wazi ubavuni. Alikuwa amewaambia wote kuwa ni kazi ya mkwe wake. Shangazi wa mumewe alimgeukia Fundi kwa huruma, akamuuliza kulikoni.

"Hii ni kazi ya baba, shangazi," Fundi akasema, kwa sauti ya kufika pembe zote za chumba. "Kinuse. Ni dawa ya viatu."

Shangazi akanusa. Hakuna aliyecheka. Mzee aliinuka na kwenda chumbani kwake.

Njiani kurudi, mume alilalamika kwamba amemvua baba yake nguo mbele za watu. Fundi akamjibu kuwa angejua ukweli wa vishikio, asingesema hivyo.

"Najua," mume akasema. "Nilikikuta kimoja kwenye chujio la sinki, siku ileile. Nikakitupa."

Fundi alisimama. Kisha akavuka barabara na kutembea upande wa pili mpaka nyumbani. Siku hizi akikutana na mzee anamwamkia kama kawaida. Asiyesemeshwa ni mumewe.