Siku Mama Alipowahi

Shuka lilikuwa kati yetu, jeupe, zito kwa mvuke, na nyuma yake mama alikuwa anachelewa tena.

"Ningeliacha," alisema. Uso wake sikuuona. Niliona vidole tu, vimeshika pembe mbili za juu. "Lilibaki lile moja, mwanangu. Nikasema acha nilimalize, nisiache kazi inaning'inia. Nikalinyoosha, nikalikunja vizuri. Nafika wodini, kitanda kimeshatandikwa."

Nilimsogelea na pembe zangu. Akazipokea, nikainama nikashika mkunjo wa chini, nikarudi nyuma. Ndivyo mashuka ya kitanda kikubwa yanavyokunjwa: watu wawili, wanaendeana, wanaachana, kama wacheza dansi waliozimiwa muziki. Mama alipiga pasi maisha yake yote, kwanza kwenye chumba cha dobi cha hoteli, kisha, alipostaafu, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, akiifulia nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Baba alipofariki hakuacha kazi hata wiki moja. Ila kuanzia hapo kila shuka lilikuwa lile shuka. Hakuna alilolikunja ambalo halikumrudisha pale pale, kwenye meza ya pasi, asubuhi, hospitali imepiga simu imesema njoo, naye anasema namalizia.

Alimkosa mumewe kwa muda wa kunyoosha kitambaa.

Mwanzoni alilia. Kisha akaacha kulia, akaacha na kula, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Magauni yakampwaya. Alikuwa anasimama na pasi mkononi akitazama ukutani mpaka harufu ya kuungua inifuate jikoni. Daktari alimpima damu, akampima sukari, akamwambia ale matunda.

"Nashukuru, daktari," mama akamjibu, "lakini humu kooni mmekaa shuka."

Daktari akacheka, akidhani anataniwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika mkoba wake, na mkoba ule ulikuwa mzito kuliko mkono ulioukabidhi.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada. Mwalimu wetu wa saikolojia alikuwa mwanamke mfupi, msema chinichini, na alitufundisha kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kwenda kuombaomba maneno kwa jirani. Kwa hilo tu ningemfuata popote. Siku alipoanza mada ya kumbukumbu alichora ubaoni visanduku vitatu vilivyounganishwa kwa mishale.

"Hiki cha kwanza," alisema, "kinapokea kila mnachokiona na kukisikia, na kukiacha kipotee ndani ya kupepesa jicho. Kile mnachokitilia maanani kinapita hapa, cha pili. Hiki ni kama viganja vyenu: ukiongezewa kitu lazima udondoshe kingine. Na vile mnavyovirudiarudia, au mnavyovipa maana, vinaingia humu. Ghalani."

Tukanakili visanduku kwa rula. Alitusubiri tumalize, kisha akachukua kifutio akakifuta kile cha tatu, taratibu, kama mtu anayefuta ukungu kwenye kioo.

"Sasa niwachokoze. Ghala hili halina rafu. Hakuna kitu kilichokaa humo kikiwasubiri. Kila mkikumbuka, mnakitengeneza upya, kwa vipande vilivyobaki na vingine mlivyookota njiani."

Hatukumwamini. Basi akatusomea maneno, polepole: kitanda, mto, godoro, shuka, blanketi, ndoto, miayo, kukoroma. Akatuzungumzisha kidogo juu ya hali ya hewa. Kisha akauliza nani alimsikia akisema usingizi.

Mikono ikajaa hewani. Wangu ulitangulia.

"Sikulisema," akasema.

Kelele zikalipuka. Jamaa mmoja wa nyuma akasimama kabisa: "Mwalimu, hata kama hukulisema, mimi nimelisikia!"

"Kaa," akamwambia, akitabasamu. "Wewe ndiye umelielewa somo."

Nami nililisikia. Nilisikia hata alivyolivuta mwishoni. Mpaka leo nalisikia, kwa sauti yake, katika darasa lile lenye vumbi la chaki likielea kwenye mwanga wa dirisha, na sitashangaa nikiambiwa dirisha nalo halikuwepo.

Wiki zilizofuata alitufundisha kwamba kumbukumbu ikiitwa huja ikiwa laini, na ikiwa katika ulaini huo inaweza kushika mkunjo mpya. Kwamba ukimuuliza shahidi magari yalikuwa na kasi gani yalipogusana, atakupa jibu moja. Ukimuuliza yalipobamizana, atakupa jingine, na baada ya siku kadhaa ataapa aliona vioo vimevunjika. Wenzangu waliandika. Mimi nilimwona mama, na mvuke, na ile dakika ambayo kitambaa kimekubali joto lakini hakijakubali umbo. Nilitoka darasani nikitembea kama niliyelowa.

Sikupanga. Au nilipanga; katika mambo haya mimi ndiye shahidi wa mwisho wa kuaminiwa.

"Mlango wa ile wodi ulikuwa upande gani, mama?" nilimuuliza, shuka likiwa kati yetu.

"Kushoto. Ule unaokwama."

"Na baba alikuwa amegeukia wapi ulipoingia?"

Shuka likasimama. Hakuwa amemwona baba. Sote wawili tulijua. Lakini swali lilishapita, na nyuma ya kile cheupe nilisikia pumzi yake ikitafuta.

"Dirishani," alisema. "Nadhani dirishani."

"Lile la kioo chenye ufa?"

"Enhe. Wamekibandika plasta."

Ufa ule na plasta ile hakuvitoa kwenye macho yake. Nilimpa mimi, siku nyingine, kwa swali jingine. Na mimi nilivipata kwa kaka.

Kaka yangu ni mpima ardhi. Nyumbani tulimwita Bwana Bikoni, kwa sababu ya vile vigingi vya zege anavyovifukia kwenye kona za viwanja, na kwa sababu yeye mwenyewe akishasimama mahali hang'oki. Mdomo wake mzito. Lakini siku ya msiba alinivuta uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia. Alikuwa amefika alfajiri kutoka safarini, moja kwa moja hospitali. Alikuwa peke yake na baba. Redio ilikuwa inaimba wodi ya jirani. Kioo kilikuwa na ufa. Na baba, ambaye hakuwa mtu wa kushikana, alimshika kidole hiki cha shahada, akakibana kama mtoto mchanga anavyobana kidole cha mtu, na hakukiachia mpaka mwisho. Kaka aliniambia hayo mara moja tu. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine, hata mama.

Vile vipande vilikuwa na uhai. Nilikuwa nimesoma kwamba kumbukumbu hunasa kwenye sauti, kwenye ufa, kwenye ngozi. Ningevitoa wapi vingine? Nikampa mama kwa vipimo vidogo, kama dawa ya kikohozi ya mtoto. Leo redio. Juma lijalo plasta. Sikumwambia neno hata moja la uongo. Niliuliza tu.

Mvua za mwaka ule zilikuja zikaondoka. Siku moja, tukikunja, mama akashusha shuka kifuani, uso wake ukachomoza juu yake kama mtu anayeamka.

"Alinishika kidole hiki," alisema.

Pembe zangu zikaniponyoka.

"Na shuka lao, mwanangu! Limenyooshwa na nani lile? Limejikunja chini ya mbavu zake kama kamba. Nikalivuta, nikalilainisha. Nikamwambia, mume wangu, hawa watu kazi hawaijui. Akatabasamu."

Hilo la shuka sikumpa. La tabasamu pia sikumpa. Hayo yalikuwa yake mwenyewe, yametoka asikojua mtu, na ndiyo yaliyoufanya mlango ufungike barabara. Jioni ile alikula. Alikula amesimama, akichota kutoka sufuriani, akaniuliza kama kuna zaidi, na mimi nikageukia sinki ili asinione.

Mwili ukamrudia. Akaanza tena kuwasema watu. Alimsema mwenye nyumba ya wageni kwamba wageni wake wanalala na viatu. Alinisema mimi kwamba nakunja kama ninayefunga mzigo wa kuni. Nyumba ikapata sauti. Kwa miezi kadhaa niliishi ndani ya sauti ile kama samaki ndani ya maji, na sikumfikiria kaka hata kidogo.

Alikuja likizo. Tulikuwa mezani, watatu, adhuhuri, buli la chai katikati, na mama alikuwa anamsimulia mwanawe jambo alilodhani anamzawadia.

"Alinibana kidole hiki," alisema akikinyanyua. "Baba yako yule, mkali vile! Kama mtoto mchanga."

Kaka alinitazama. Mtu aliyezoea kupima ana jicho lake. Alinitazama kama anayetafuta kigingi kilichokuwepo jana.

"Ulikuwepo, mama?" aliuliza.

"We vipi? Ningekuwa wapi?" Mama akacheka. Kisha kicheko kikapoa, akamwekea mkono begani. "Ah. Najua kinachokusumbua. Usijitese, baba. Ulikuwa huko porini na kamba zako, barabara yenyewe imejaa matope, ungeruka? Alijua uko njiani. Wala hakukasirika."

Hilo pia sikumpa. Naapa sikumpa. Nilimwondoa mtu mmoja kwenye kuchelewa, nafasi ikabaki wazi, na akili yake, bila ubaya wowote, ikamkalisha humo mzaliwa wake wa kwanza.

Sentensi moja ya kaka ingetosha. Niliiona ikija. Na niliona kitakachofuata, kwamba mama angeanguka tena kutoka palepale, safari hii akijua kwamba hata kumbukumbu yake imemgeuka. Kaka alikiangalia kidole chake. Alikishusha polepole chini ya meza.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilichelewa."

"Basi kunywa chai, inapoa."

Uani, kati ya mashuka yaliyoanikwa, alinishika mkono juu ya kiwiko. Hakunibana. "Umefanya nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na visanduku na mishale. Alisikiliza hadi mwisho, upepo ukimfunika uso kwa kitambaa na kumfunua.

"Kwa hiyo uling'oa bikoni yangu," alisema, "ukaipanda kwenye kiwanja cha mama."

"Anakula, kaka."

"Naona anakula. Nina macho." Akalisogeza shuka usoni. "Baba hakunipenda sana. Usipinge, unajua. Maisha yote kwangu ilikuwa simama wima, ongea kama mwanamume. Siku ile alinishika. Kitu kimoja, mdogo wangu. Nilikuwa nacho kimoja tu."

"Bado unacho."

"Unadhani?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mwenyewe. "Hapo ndani nimejaribu kukiangalia. Nimemwona mama kwenye kiti nilichokalia mimi."

Hilo hatukufundishwa.

"Sikuambii umwambie," akasema. "Asiguswe. Niombe radhi tu, yaishe."

Nilitazama mlango wa jikoni. Ndani mama alikuwa anaosha vikombe, anaongea na vikombe, anavigombeza. Nikatikisa kichwa kukataa. Kaka aliondoka kabla likizo haijaisha.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, mnene, mchokozi, na alikwenda kwa amani akiwa mtu aliyewahi. Kila kaka alipokuja, alimpoza kuhusu ile barabara, na kila mara kaka alikubali kwamba ilikuwa mbovu. Kwanza alikubali kwa kichwa. Baadaye kwa maneno machache. Kisha nikamsikia akieleza gari lilivyozama mpaka ekseli, walivyokata matawi kuyaweka chini ya magurudumu, alivyovua viatu akasukuma. Mama akisikitika, akimpigapiga mgongoni. Na siku moja, mama yuko bafuni, nilimsikia akimsimulia mkewe matope yale, na sauti yake haikuwa ya mtu anayemfurahisha mzazi. Ilikuwa sauti ya mtu anayekumbuka.

Nilisimama koridoni nikiwa nimebeba taulo, na nyumba nzima ilikuwa kama inaelea.

Jumapili iliyopita alinipigia simu. Tuliongea habari za watoto, za mguu wake unaomsumbua. Halafu nikamsikia akiinuka, akifunga mlango.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilikuwepo, sivyo?"

"Ulikuwepo, kaka. Ulifika alfajiri. Alikushika kidole."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Uliniona?"

Sikumwona. Nina neno lake tu, alilonipa mara moja, uani, nami nimelitumia sana tangu hapo. "Uliniambia mwenyewe," nikasema.

Kwa mbali, upande wake, mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Mama hayupo sasa," alisema taratibu. "Hakuna tena wa kumlinda. Hilo neno moja, bado huwezi kunipa?"

Nilimfikiria mama ananiuliza kama kuna zaidi; kuomba radhi kungekuwa kuijutia jioni ile. Nilimfikiria na yeye pia, kaka yangu, nampenda, na kile kidole alichokishusha chini ya meza.

"Siombi radhi," nikasema.